Gawanya kwa Mbili

Kundi letu lina kanuni sita, na zote nimeziandika mimi, kwa hiyo siwezi kusema sikuzijua. Linaitwa Sebule ya Wakunga. Nililianzisha simuni mwaka niliostaafu, kwa sababu nyumbani palikuwa kimya, na kimya hunipandisha presha. Tulianza watu kumi na wawili, wote nimewafundisha kazi kwa mkono wangu. Leo tuko elfu moja na mia nne: wakunga, wauguzi, wanafunzi, na madaktari wachache wanaojikalia kimya pembeni wakisoma. Wananiita Matroni. Nimestaafu miaka sita sasa, ila cheo cha mdomoni hakistaafu.

Kanuni ya nne inasema: Rangi, kabila na dini vibaki mlangoni pamoja na viatu. Nilijisifu sana kwa kanuni hiyo. Nilidhani nikishaiandika nimemaliza kazi. Mtu mzima ovyo.

Huku kwetu kuna watu tunaowaita wakuja. Rangi yao imekoza kuliko yetu na majina yao ni marefu kidogo, na hiyo ndiyo tofauti yote ninayoweza kukuonyesha kwa kidole. Bibi zao walizaliwa hapa hapa. Wengine nimewapokea mimi mwenyewe kutoka tumboni mwa mama zao, nikawakata kitovu, na bado ni wakuja. Sijui wanatarajiwa kufika lini. Wodini wanasemwa kwamba wana kelele. Mkuja akichomwa sindano anaita ukoo mzima, ndivyo tunavyoambiana. Maneno hayo niliyakuta kazini nikiwa msichana, nikayapokea pamoja na sare.

Sasa, kila mgonjwa tunamuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Namba anayoitaja ndiyo inayoandikwa kwenye chati. Ikiwa saba na kuendelea, daktari anaitwa. Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi mmoja aliuliza kundini: mgonjwa akisema tisa, naye anaongea na simu vizuri tu, niandike ngapi? Lilikuwa swali la maana, lilitaka jibu la maana. Mimi nikajibu: "Kama ni mkuja, gawanya kwa mbili."

Watu mia tatu walicheka. Wakaiita Kanuni ya Matroni, nami nikaitikia. Kwenye harusi, kwenye msiba, hapakukosa mtu wa kunipigia saluti na kuninong'oneza "gawanya kwa mbili", nikacheka naye. Kusema kweli niliona raha. Mstaafu akikumbukwa, haulizi anakumbukwa kwa lipi. Sikujua kwamba watu waliipeleka kazini. Hapana, ngoja niseme vizuri, maana ndiyo sababu ya kuandika haya: sikutaka kujua.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji aliandika ujumbe mrefu kundini. Ni binti wa kikuja, mwembamba, wenzake wanamwita Kalamu kwa sababu kila kitu anakiandika. Ujumbe wake ninao mpaka leo.

"Shikamoo Matroni, na salamu kwa wakubwa wangu wote. Kuna jambo linanisumbua, naomba mnisome hadi mwisho. Utani wa kugawanya kwa mbili najua ulianza kama utani. Lakini mwezi huu nimeona chati tatu za wagonjwa wa kwetu ambazo namba iliyoandikwa siyo aliyoitaja mgonjwa. Simtuhumu mtu. Naomba tuuache utani huo. Na kama kuna anayetaka tuzungumze kwa nini tunaamini watu fulani wanalia kuliko wengine, tuzungumze kwa heshima. Mimi nitajibu swali lolote, hata lile mnaloona aibu kuliuliza."

Ungesema amemwaga maji ya moto. Mmoja akasema siku hizi hata kucheka ni kesi. Mwingine akasema amefanya kazi na wakuja miaka kumi na tano, wanalia kweli, na huo si ubaguzi bali ni uzoefu. Kalamu akamjibu kwa upole: je, katika miaka hiyo kumi na tano, umewahi kuhesabu? Au unawakumbuka waliolia na kuwasahau walionyamaza? Akajitokeza mwingine akaandika kwamba hapa ubaguzi hauwezi kuwapo, mbona Matroni mwenyewe ana mkwe mkuja?

Nami nikalidaka hilo kwa mikono miwili. Nikaandika: "Mkwe wangu ni mkuja na ninampenda kama niliyemzaa. Kundi hili halina ubaguzi. Kanuni ya nne." Kisha nikamfungia Kalamu asiandike siku saba, kwa kosa la kuleta rangi kundini. Angeweza kusoma, lakini akitaka kusema neno simu ingemkatalia. Waliotania nikawaacha waendelee na gumzo lao. Nikaenda kulala na kusema kweli nililala vizuri.

Siku ya sita ya kifungo cha Kalamu, mkwe wangu alijifungua.

Nimtambulishe. Ni mke wa mwanangu wa pekee, na mwenyewe ni mpimaji wa ardhi, mtu wa kusimama juani na kile chombo chake cha miguu mitatu akitazama mbali. Si msemaji. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayesema samahani. Miaka minne ameolewa kwangu na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Na hata angekuwa mpiga kelele wa kwanza duniani, ninayoyasimulia yasingekuwa halali. Lakini nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Mwanangu alinipigia simu anacheka na kulia kwa pamoja. Nikapika uji mzito, nikautia kwenye chupa, na alasiri ulipofika wakati wa kuona wagonjwa nikaingia wodi yangu ya zamani kwa madaha, nikisalimiwa kushoto na kulia.

Kitanda chake kilikuwa cha sita, karibu na dirisha. Mwanangu alikuwa amesimama kando, mtoto mkononi, sura imemkauka. Mkwe wangu alikuwa amelalia ubavu, amekunja magoti, ameuma pindo la shuka. Hakuwa analia. Nilipomgusa, ngozi ilikuwa ya baridi na imelowa jasho.

"Mama," akasema, "kuna kitu kinanisukuma huku chini. Nahisi kama nataka kujifungua tena."

Mkunga wa miaka thelathini na nne akisikia maneno hayo, mwili wake unaelewa kabla ya kichwa. Wakati mwingine mshipa unapasuka ndani ya nyama, pembeni mwa njia ya mtoto. Damu haitoki nje. Inajikusanya ndani kimya kimya, pedi inabaki safi, tumbo la uzazi linabaki limejikaza vizuri, na kila anayepita anasema mzazi anaendelea vizuri. Dalili ya mapema ni moja tu, nayo ni maumivu. Ukiyapuuza maumivu, dalili itakayofuata ni mzazi kupoteza fahamu.

Nilimtafuta muuguzi wa zamu. Ni mwanafunzi wangu, msichana wa watu, mchapakazi, siku hiyo alikuwa na wazazi thelathini na mmoja na mwenzake mmoja tu.

"Shikamoo Matroni. Hongera ya mjukuu."

"Marahaba. Umemtazama mkwe wangu?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Yuko sawa. Pedi safi, tumbo limejikaza, hajapauka."

"Anaumwa sana."

"Wote wanaumwa," akasema, akatabasamu. "Na wao unawajua."

"Nipe chati."

Akanipa. Kwenye mstari wa maumivu, tangu asubuhi, palikuwa na nne, nne, nne. Nikarudi kitandani, nikamwinamia mkwe wangu. "Walipokuuliza maumivu ni ngapi, ulisema ngapi?"

"Tisa. Nimesema tisa mara zote tatu, Mama. Nimekosea kujibu?"

Nikamgeukia muuguzi. "Amesema tisa. Umeandika nne."

Binti wa watu alishusha sauti ili wagonjwa wasisikie. Aliongea kwa heshima zote, kama mtu anayemkumbusha mzee mahali alipoweka miwani yake. "Si nimegawanya, Matroni? Nne na nusu haiandikiki, nikaacha nne."

Sijui niliwaza nini. Naikumbuka sakafu tu, vigae vyeupe, kimoja kimevunjika pembe. Kisha nikavuta kope la chini la mkwe wangu. Mtu wa rangi iliyokoza haonekani kupauka usoni. Ukitaka kujua, mtazame ndani ya kope, au ufizi. Hilo nililijua na sikumbuki kama niliwahi kulifundisha. Ndani ya kope palikuwa peupe. Mapigo ya moyo, nikahesabu kwa saa yangu, mia moja na ishirini na nne.

"Anavuja damu ndani," nikasema. "Mwite daktari."

"Daktari yuko chumba cha upasuaji tangu mchana. Nikimtoa huko kwa mgonjwa mwenye maumivu ya nne atanitafuna mzima mzima."

"Basi andika tisa."

"Nibadilishe chati?" Alinitazama kwa hofu ya kweli. "Matroni, wewe ndiye uliyetufundisha. Chati haifutwi, anayefuta hana kazi. Ngoja nimalize dripu ya kitanda cha pili, halafu nitampima upya na kuandika mpya. Nusu saa tu."

"Hana nusu saa."

"Matroni, hata nusu saa?" Akaweka mkono begani mwangu. "Ni mkwe, naelewa. Moyo wa mzazi unaona makubwa."

Ndipo kengele ya kumaliza muda ikalia. Askari wa mlangoni akaanza kututoa, mmoja mmoja, kwa ukarimu. Nilimwambia mimi ni nani. Akasema anajua, mama, lakini wastaafu wa hapa ni wengi na kila mmoja ana ndugu wodini. Niling'ang'ania kitanda cha mkwe wangu. Mwanangu akasema, "Mama, fanya kitu. Si wewe ndiye mkubwa wao?" Sauti ya mwanangu nimeisikia tangu akiwa na saa moja ya umri, na sijawahi kuisikia vile. Askari akanishika mkono, akanitoa hadi koridoni, mlango ukafungwa. Mwanangu naye akatolewa, mtoto akachukuliwa akarudishwa kwa mama yake.

Nilimpigia daktari. Simu imezimwa. Nikampigia muuguzi mkuu wa sasa. Inaita, haipokewi. Nikampigia mkunga mmoja wa jengo la pili, akaniambia yuko likizo. Ndipo nikakumbuka Sebule. Nusu ya hospitali ile imo mle. Nikaandika:

"Wodi ya wazazi, kitanda cha sita. Amejifungua alfajiri. Pedi safi. Msukumo chini. Mapigo 124. Kope jeupe. Maumivu tisa. Anayeweza kufika, afike."

Mara moja majibu yakaanza kumiminika, na moyo wangu ukapaa. Kisha nikayasoma.

Hapa lazima nieleze. Kila Jumatano mimi hutoa kitendawili kundini. Ninaandika mgonjwa wa kubuni, dalili zake, na watu wanashindana kutaja ugonjwa, anayepatia ninamsifia. Ni desturi ya miaka sita na inapendwa kuliko vyote. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kitendawili cha leo kitamu," mmoja aliandika. "Damu ndani ya nyama! Nimewahi mimi," akaandika wa pili. Wa tatu akauliza: "Kwanza tuambie, ni mkuja? Tujue kama ni tisa au nne na nusu." Wakafuata wenye kucheka, vile vikatuni vya manjano vinavyotoka machozi, vimepangana hadi chini ya kioo.

Nikaandika: "Si kitendawili."

"Leo Matroni katuletea na maigizo," wakasema.

Nikaandika: "Ni mkwe wangu. Naapa."

"Yule wa kanuni ya nne!" Na vikatuni vingine, safu nzima.

Wasomaji wangu, mimi nimeshazoea kifo. Nimefumba macho ya marehemu wengi. Lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyokuwa pale koridoni, nimeegemea ukuta, watu elfu moja na mia nne mkononi mwangu, na hakuna hata mmoja anayeniamini. Nilianza kupiga mlango kwa viganja. Nilipiga kelele. Nilimwita daktari, nikamwita Mungu, nikamwita marehemu mume wangu. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu alinitazama, akamwambia anayemsukuma, "Maskini, huyo naye vipi?" Askari alinisogelea akaniambia taratibu kwamba nikiendelea atanitoa nje ya geti.

Simu ikaita. Namba nisiyoijua.

"Matroni, ni Kalamu. Siwezi kuandika kundini. Nakuuliza mara moja tu: ni kitendawili au ni kweli?"

"Ni kweli. Ni kweli, mwanangu."

"Kope umelivuta mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Jeupe."

"Nakuja. Namwambia daktari sasa hivi, yuko hapa mbele yangu anashona."

Hakunilaumu, hakuniuliza lolote. Dakika nne baadaye mlango wa mwisho wa koridoni ulifunguka na Kalamu akaja anakimbia, kofia ya upasuaji kichwani, nyuma yake watu wawili na kitanda cha magurudumu. Askari akasogea. Nikaingia nyuma yao, na hakuna aliyenizuia. Kalamu aliinama kwenye kitanda cha sita, akasema, "Dada yangu, kutoka sifuri hadi kumi?" Mkwe wangu akasema tisa, sauti imekwisha, midomo tu. Kalamu akachukua chati akaandika tisa, kwa tarakimu kubwa, akaweka saa na saini. Muuguzi wa zamu alikuwa amesimama na dripu mkononi. Presha walipoipima ilikuwa imeshuka hadi sabini.

Walimtoa damu iliyoganda kiasi cha lita moja na nusu. Walimwongezea chupa nne. Daktari alipotoka alivua glavu, akamwambia mwanangu kwamba mke wake ataishi. Kisha akanitazama mimi, ananijua, ni mmoja wa wale wanaosoma kimya pembeni mwa kundi. Akasema, "Robo saa nyingine, Matroni, ningekuwa nakuambia mengine." Akaenda zake.

Muuguzi wa zamu nilimkuta chumba cha sare, amekaa chini, analia. Nilikaa karibu naye. Alisema, "Watanifukuza." Sikumwambia hawatamfukuza. Nilimwambia kwamba wakimwita kwenye kikao, mimi nitakwenda naye na nitasema maneno hayo yalitoka kwa nani. Aliniuliza, "Kwa nini ulituambia, kama haikuwa kweli?"

Kesho yake nilimfungulia Kalamu, nikafuta kanuni ya nne, nikaandika kundini yote niliyoyaandika hapa. Sikujificha. Nikamalizia: "Aliyeanzisha ni mimi. Tuzungumze sasa. Anayetaka kunitetea asinitetee."

Walizungumza siku tatu. Wengi waliomba radhi kwa kucheka. Mkunga mmoja mzee aliandika kwamba ametoa chati zake za mwaka mzima akahesabu, na wakuja hawakuwa wamelia kuliko wengine. Ila sindano za maumivu walipewa pungufu. Yule wa miaka kumi na tano alishikilia kwamba tunakuza mambo, na nilipotaka kumfungia, Kalamu akanizuia. "Mwache aongee, Matroni. Ukimfunga mdomo atakwenda kuyasema wodini." Akamjibu hoja moja moja, bila tusi, kwa subira ambayo mimi sina na sikuwa na haki ya kumtegemea awe nayo. Siku ya tatu yule mtu akaandika tu: "Nitahesabu."

Nilianza kupumua. Nikajiona kama mtu aliyetua mzigo, hata nikajisifu kidogo moyoni, si mnanijua. Ndipo Kalamu akaandika ujumbe mwingine, mfupi.

"Matroni, asante kwa kusema. Wa kwako amepona. Katika zile chati tatu nilizowaambia, mmoja hakupona. Alikuwa na watoto wawili, na mama yake anauza mboga nje ya geti letu, tunapita mbele yake kila siku. Sisemi ili uumie. Nauliza tu: umetuambia sisi watu elfu moja na mia nne. Mkwe wako umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeshinda kitandani kwake siku zote hizo, nikimnywesha uji, nikimgeuza, nikimwosha mtoto. Wauguzi walimwambia kwamba mama mkwe wake ndiye aliyemwokoa, akapiga kelele koridoni mpaka watu wakasikia. Alinishika mkono akausugua kwenye shavu lake. Mimi nikauacha mkono wangu pale.

Siku ya kuruhusiwa, chumba nilikuwa nimeshakiandaa nyumbani kwangu, shuka mpya, kitanda cha mtoto upande wa ukutani. Mwanangu alikuwa ameshuka kutafuta gari. Mkwe wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, dhaifu lakini macho yamerudi. Mtoto nilikuwa naye mimi. Nikafungua kundi, nikampa simu. Nikasema, "Soma. Anzia hapa."

Alisoma muda mrefu. Ni mtu wa kupima, hakuruka mstari. Alisoma utani wangu wa miaka mitatu, alisoma saluti za watu, alisoma ujumbe wa Kalamu, akafika pale nilipoandika kwamba ninampenda kama niliyemzaa. Pale alikaa zaidi.

"Siku ulipoandika ule utani," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. "Ulikuwa mezani kwangu. Tulikuwa tunakunja nguo."

"Nakumbuka. Ulikuwa na simu, ukacheka sana. Nikakuuliza unacheka nini."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mambo ya kazi." Akanirudishia simu. "Na mimi nikacheka, Mama. Sikujua ni nini, ila niliona umefurahi, nikacheka na wewe."

Nilianguka magotini. Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, ni yake. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini nitakwenda kukaa kwa mama yangu."

"Huna nguvu bado. Kidonda kinataka kutazamwa kila siku, mama yako hajui kazi hiyo. Nani atajua kama kimeharibika?"

"Mimi nitajua. Nikiona inauma nitamwambia."

"Na yeye atajua afanye nini?"

Akanyoosha mikono yake miwili, bado ina alama za sindano za dripu. "Ataniamini," akasema. "Nipe mtoto."

Nikampa.